Kigezo cha Tatu

Jumapili, 2 Februari

Leo nimeongea mezani. Mimi! Mjomba akadondosha kijiko makusudi, akasema Bi Kimya amefunguka, waiteni majirani.

Ilikuwa hivi. Bodi ya kiwanda cha maboksi, Mama anakofanya kazi ofisi ya wafanyakazi, imempa kazi ya kutunga mpango mpya wa malipo ya mabosi. Wako watano. Mpaka sasa wanachukua bonasi kila mwaka hata kiwanda kikienda chali, na wenye hisa wamechoka. Kuanzia sasa bonasi itafuata malengo. Lengo likifikiwa, hela. Lisipofikiwa, mshahara mtupu. Mama ameshapata vigezo viwili: mauzo na gharama. Lakini anasema vikibaki hivyo viwili tu, mabosi watawakamua watu mpaka tone la mwisho. Anatafuta cha tatu, cha kuwalinda wafanyakazi. Kalamu mdomoni tangu asubuhi.

Nikasema: weka ajali. Zikipungua, walipwe zaidi.

Mama akanitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. Akauliza, sasa ajali tutazipimaje? Nikamwambia si watu wanajaza fomu wakiumia? Hesabuni fomu.

Mjomba analisha karatasi kwenye roli za gundi kiwandani humo humo. Alicheka, akasema basi sasa mabosi watatuvalisha helmeti hata chooni. Mama akanibusu kwenye paji la uso. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Alhamisi, 13 Februari

Bodi imepitisha! Kigezo cha tatu — changu — kimepewa asilimia thelathini ya bonasi yote. Na Mama amekiongezea makali: mfanyakazi hata mmoja akilazwa hospitali kwa ajali ya kazini, na fomu yake ikaingia, kigezo kizima kinafutika. Kwa mabosi wote, na kwa wasimamizi wa zamu pia, maana nao wamewekewa fungu lao dogo. Anasema hapo hakuna atakayethubutu kuzembea.

Yeye huandika kila kitu kwa Kiingereza. Wasimamizi wakaomba ukurasa mmoja wa Kiswahili, akanipa mimi. Shuleni Kiingereza, nyumbani Kiswahili — angalau leo imefaa kitu. Mama kasoma, kasema imenyooka, hakubadilisha hata nukta.

Nimejitazama kwenye kioo muda mrefu. Naona aibu hata kuandika hilo.

Jumamosi, 26 Aprili

Mama kapongezwa kikaoni. Mwaka jana, miezi mitatu ya mwanzo, fomu kumi na tisa. Mwaka huu mbili. Mkurugenzi mkuu alisimama akampa mkono mbele ya bodi yote. Wafanyakazi wanamwita mkurugenzi huyo Manukato, kwa vile harufu yake hufika kabla yake. Amemwambia Mama asiwe na wasiwasi na mkataba wake unaoisha mwisho wa Juni.

Nikamsimulia Mjomba alipokuwa anapiga pasi. Hakucheka. Akasema zamani fomu zilikaa kwa nesi, unachukua mwenyewe. Siku hizi ziko kabatini kwa msimamizi na ufunguo uko mfukoni mwake. Wiki iliyopita mtu kakatwa na bati, kafungwa plasta, kaambiwa rudi kwenye mashine.

Nikamuuliza kama Mama anajua. Akageuza shati upande wa pili.

"Mama yako anahesabu anacholetewa."

Sikumwambia Mama. Alikuwa anaimba jikoni. Nilijiambia nitamwambia kesho.

Jumapili, 25 Mei

Bado sijamwambia.

Jumanne, 10 Juni

Mkono wa Mjomba.

Wa kulia. Roli. Kulikuwa na kinga ya bati mbele ya roli, wameitoa mwezi uliopita kwa sababu inapunguza kasi, na kasi ndiyo inayoshusha gharama, na gharama ni kigezo cha pili. Vidole viwili vimesagika. Cha tatu hawajui. Daktari anasema lazima apasuliwe mara ya pili ndani ya mwezi, la sivyo hatakunja ngumi tena maisha yake.

Mama kakaa kwenye benchi la hospitali na mkoba mapajani. Hakuufungua hata kutoa leso.

Jumatano, 11 Juni

Kwenye kadi ya hospitali wameandika: ameanguka kutoka kwenye ngazi, nyumbani.

Sisi hatuna ngazi!

Msimamizi ndiye aliyempeleka. Ndiye aliyezungumza na karani. Mjomba alikuwa hajitambui.

Ijumaa, 13 Juni

Mjomba karuhusiwa kurudi nyumbani. Jioni msimamizi akaja na mfuko wa matunda. Mjomba akautazama, akauliza atamenya na nini. Msimamizi akacheka peke yake.

Nilileta maji nikabaki nyuma ya pazia, kama kawaida yangu. Nilisikia yote. Kwanza maneno ya pole, marefu. Halafu akaingia kwenye lililomleta. Nusu mwaka inafungwa mwisho wa mwezi, ndipo bonasi ya kwanza ya mpango mpya itakapohesabiwa. Wote wamejibana, wamebakiza siku chache. Mjomba akiacha mambo ya fomu, watampa kazi ya kukaa getini, mshahara uleule, na hela ya kupasuliwa watachangishana wao wenyewe. Mjomba akauliza watachangishana lini. Akajibiwa, mambo yakitulia.

Bila fomu, bima haimtambui. Hilo Mama alishaniambia hospitalini. Siku saba tangu ajali, baada ya hapo hata ulie. Hakuna kupasuliwa, hakuna fidia, hakuna kitu. Na msimamizi anajua.

Alipoinuka akasema, "Ndugu yangu, mimi sikulazimishi. Ila mfikirie na dada yako. Mpango ni wake. Ukivunjika, wa kwanza kuulizwa ni nani?"

Mama alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni. Akamshukuru kwa matunda. Kamshukuru!

Jumapili, 15 Juni

Nimemuuliza Mama kwa nini asiijaze yeye hiyo fomu aipeleke. Yuko ofisi ya wafanyakazi, fomu zinachapwa kwenye mashine iliyo mbele ya pua yake. Akasema fomu ni ya aliyeumia, ikitoka kwake watasema anambeba mdogo wake. Akasema ada yangu ya muhula ujao. Akasema kodi ya nyumba. Halafu akasema mpango wenyewe hauna kosa, watu ndio wanaouchezea.

Nikajibu. Sijui nilipata wapi mdomo. Nikasema Mama, mpango hauwalipi kwa watu kutoumia. Unawalipa kwa fomu kutoingia. Wanafanya kile kile wanacholipwa kufanya.

Alikuwa anakunja nguo. Akaendelea kukunja.

"Na nani alisema tuhesabu fomu?"

Polepole tu, wala hakupandisha sauti. Akaniomba msamaha kabla sijafika mlangoni, akasema amechoka, hakumaanisha. Alimaanisha. Na ni kweli.

Sasa niandike lile ambalo sijaliandika. Siku ile mezani sikuwa nawafikiria wafanyakazi. Wala Mjomba, aliyekuwa ameketi mbele yangu na mikono yake yote miwili. Nilitaka Mama aache makaratasi anitazame mimi. Basi. Na Mjomba aliponiambia habari ya kabati, nilinyamaza wiki sita kwa sababu Mama alikuwa ananipenda wiki zile. Watu wanasema mimi mpole. Mimi si mpole, mimi mwoga, na uoga wangu umelipwa vizuri kuliko bonasi ya mtu yeyote.

Jumatatu, 16 Juni

Mwalimu wa biashara kafundisha motisha. Lengo, kipimo, zawadi. Kauliza nani ana mfano kutoka maisha ya kawaida.

Nilikuwa nao. Sikunyoosha mkono.

Jumanne, 17 Juni

Siku ya saba.

Mama karudi saa tisa alasiri, hajawahi kurudi saa hizo. Kaweka fomu mezani, tupu, bila hata kuvua viatu. Kaichapa mwenyewe ofisini, haikupitia kabati la mtu. Ofisi ya bima inafungwa saa kumi na moja. Kwa mguu ni nusu saa.

Nilifikiri basi imekwisha. Nilifikiri ameshaamua.

Mjomba mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko, wa kushoto hajui kuutumia. Akasema Bi Kimya, wewe ndiye mwenye mwandiko, kaa. Nikakaa. Jina. Umri. Kitengo. Tarehe. Nikaandika. Halafu mstari wa Mahali Ajali Ilipotokea.

Mjomba akamtazama Mama.

"Dada, nikisema kiwandani, wewe utakula wapi?"

"Usiniulize mimi."

"Nimuulize nani?"

Mjomba akasubiri jibu, akasubiri sana, mpaka mimi nikawa nahesabu matundu ya kitambaa cha meza. Halafu akaniambia, taratibu, kama anayeniagiza chumvi dukani: basi andika nyumbani, andika ngazi. Mkono ni wangu.

Nikamgeukia Mama amkatalie. Neno moja tu. Fomu si kaileta yeye?

Mama akaenda jikoni, akafungua bomba. Hakuna chombo cha kuosha. Niliviosha vyote mchana.

Nikasema kalamu imeisha wino, naenda kuchukua nyingine. Uongo. Nimekuja nayo fomu chumbani, iko hapa mapajani, juu ya daftari hili. Saa kumi na dakika kumi. Nyumbani, na bima hailipi, Mama ana kazi na Mjomba ana mkono wa mapambo. Kiwandani, na kigezo chote kinafutika, mabosi watano, wasimamizi wote, na wote watajua ni ya nani na imetoka nyumba gani.

Saa kumi na robo.

Nimeandika. Kiwandani, roli ya gundi, kinga imetolewa. Kwa wino, mstari umejaa, hapafutiki. Panapotakiwa sahihi ya aliyeumia ni pa Mjomba, atie dole gumba la kushoto kama atakubali.

Mjomba anaita. Anauliza nimeandika nini.

Mama kafunga bomba.