Bwana Nanga Ameanzishwa Upya Mara ya Nne

Kwa ndugu yangu mpenzi Shihab,

Salamu nyingi zikufikie huko Glasgow kwenye baridi yako, zikukute mzima wewe, wifi yangu Zamzam na wanao wote. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mama hajambo, presha imetulia na dawa anameza, ijapokuwa kila asubuhi lazima tugombane kwanza. Mzamil anakusalimu, anasema shemeji yake amemtupa. Mwanetu Iman amerefuka, ananifika sikioni sasa, na ulimi wake umerefuka kuliko yeye. Na wewe, goti linaendeleaje? Zamzam aliniambia kwamba siku hizi ukipanda ngazi unashika ukuta. Nenda kwa daktari, kaka, usijifanye shujaa wa kitabuni.

Ama baada ya salamu, nakuarifu kuwa kifurushi kimefika. Hamidi alikipokea Mombasa akakileta mwenyewe mpaka Kismayo, akakikabidhi mikononi mwangu kama anayekabidhi bibi harusi. Ulivyokifunga kwa nailoni, hakuna ukurasa hata mmoja ulioloa. Vitabu vyote vya katuni nimevisoma, vingine mara mbili, na sijui nikushukuru vipi. Kismayo nzima hakuna mtu mwingine anayepokea vitu kama hivi, na walimu wenzangu shuleni wananiona nina wazimu kidogo. Wacha wanione. Mwalimu wa Kiingereza aliyejifunza Kiingereza kwa watu wanaoruka juu ya maghorofa hawezi kuwa mzima sana, na kazi yangu hii nimeipata kwa sababu yako.

Barua yako niliikuta katikati ya vitabu. Zaidi ya nusu ni ya shujaa wetu Bwana Nanga na iliyobaki ni ya mama. Nitajibu zote mbili. Haya ya mama, kwamba umeshaanza kumshughulikia viza aje kukaa kwako, na kwamba nisithubutu kumpeleka kisiwani kwetu Chovai hata akilia machozi ya damu, nitayafikia. Nimeyaweka chini makusudi, nataka uyasome ukiwa umeshacheka kidogo. Ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ukianza kufoka mama husikia, nami hukata.

Haya, Bwana Nanga. Jina lake la Kiingereza nalijua, lakini kwangu atabaki Bwana Nanga, jina tulilompa kule kambi ya wakimbizi ya Jomvu kwa ile nanga iliyochorwa kifuani mwake, wakati hakuna kati yetu aliyejua kusoma neno la Kizungu. Unalalamika kwamba wachapishaji wamemwanzisha tena kutoka namba moja, na kwamba hii ni mara ya nne. Nimeisoma hiyo namba moja na nimekasirika kukushinda. Yaani Bwana Nanga amekuwa kijana tena, hana hata unywele mmoja mweupe, anapishana na Bi Kioo sokoni na hamjui! Bi Kioo, mke wake, aliyezaa naye, wakamzika mtoto wao pamoja katika toleo lile ambalo mimi na wewe tulilia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki. Yote hayo yamefutwa kama ubao wa darasani.

Wanasema eti wamefanya hivyo ili msomaji mpya aingie bila hofu. Hofu ya nini? Mimi niliingia katikati, kwa kitabu kisicho na jalada, kilichokuja ndani ya gunia la nguo za msaada, na kurasa za mwisho mtu alikuwa ameshafungia karanga. Niliingia na nikakaa. Mtu akichelewa kufika harusini anauliza tu huyu nani na yule mbona amenuna, anaambiwa, anakula pilau. Hakuna anayevunja harusi ianzishwe upya kwa ajili yake.

Lakini sitaki kudhulumu. Toleo la tatu limenigusa. Umeona mchoraji alivyomwachia kovu la shingoni? Kijana mdogo, hajapigana na mtu bado, na kovu analo. Hakuna anayelieleza. Nikajua huyu mchoraji ni mmoja wetu, kakataa kufuta kila kitu, kaficha kidogo. Kwa ajili yake nitaendelea kusoma, na wewe usiache kununua kwa hasira zako.

Kuhusu ule Mkutano, lile toleo kubwa lililowakutanisha mashujaa wote wa vitabu mbalimbali, hapo tunaachana. Wewe unasema ni upuuzi wa kuuza karatasi. Mimi ninaupenda. Najua kosa lake. Mashujaa wakikutana lazima kwanza wapigane wao kwa wao kwa sababu hakuna aliyekaa chini akauliza habari, na mtu ukifika pale moyo unapodunda unaambiwa yaliyobaki yamo katika kitabu kingine ambacho huna. Kwa mtu wa Glasgow si neno, anavaa koti anakwenda dukani. Mimi nangoja Hamidi. Lakini kaka, ule ukurasa ambao wote wamesimama kwenye daraja, kila mmoja kaja na adui wake na msiba wake, na Bwana Nanga anapeana mkono na watu ambao kwa miaka yote aliishi nao mji mmoja bila kukutana, mimi huuangalia nikafurahi kama niliyekwenda kwenye maulidi. Ndugu wako wengi mahali pamoja, basi.

Na ni huo Mkutano uliotuletea mambo. Unajua mama akikaa na wenzake alasiri kusuka ukili, mimi huwasimulia vitabu hivi, nao hucheka, huwaombea dua mashujaa na kuwalaani wabaya kwa majina. Safari hii mama alitaka kukishika kitabu mwenyewe. Miwani uliyomletea kaivaa. Akakifungua kama sisi tulivyokuwa tukivifungua utotoni, kwa nyuma, akaanza kufuata picha kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa chuoni kusoma msahafu na kama anavyosoma barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Unakumbuka sisi tulisoma hivyo kwa muda gani? Tuliamini kabisa kwamba kazi ya Bwana Nanga ni kuinua nyumba zilizoanguka, na kwamba yale majambazi yalikuwa yakirudisha fedha benki, mpaka yule mwalimu wa kambini alipotucheka na kutugeuzia kitabu. Mimi nilisikitika. Hadithi ya kwetu ilikuwa nzuri zaidi.

Basi mama akaanza na zile kurasa za mwisho, mji umekuwa kifusi, moshi kila mahali. Akaja nazo polepole. Moshi ukapungua, kuta zikasimama, madirisha yakarudi, watu waliokuwa wamelala chini wakainuka, na mwisho wake akafika kwenye ule ukurasa wa kwanza, asubuhi, mwanamke anafungua duka lake na watoto wanakwenda shule. Alikitazama muda mrefu. Halafu akaniuliza watu hawa walichukua miaka mingapi kuujenga mji wao. Nikamweleza kwamba kitabu kinaanzia upande ule mwingine, kwamba mji ulikuwa mzima ndio ukavunjwa. Akaniambia wao wasome wapendavyo, yeye kaona mji umejengwa. Akavua miwani akasema, kwa Kibajuni chake na kwa sauti ile yake ya kufunga mazungumzo, "Mi ni mchu wa Chovai. Wangoja nini wewe?"

Nilicheka, nikadhani ni mzaha. Kesho yake nikamkuta anafunga vyombo.

Sasa niruhusu nikuulize kitu, kaka, bila kukuvunjia heshima. Umejaza karatasi kwamba wamemdhulumu Bwana Nanga, kwamba mtu mzima hawezi kuambiwa aanze maisha kana kwamba hakuwa na mke wala kaburi la mtoto. Maneno yako hayo. Ukageuza karatasi ile ile, kwa wino ule ule, ukaandika kwamba Chovai imekwisha, mama aisahau, aje Glasgow aanze upya. Hukujisikia ulipokuwa ukiandika? Humtaki Bwana Nanga aanzishwe upya, lakini mama yako wataka. Mimi niliposoma nilicheka, kisha nikaisoma tena taratibu, kwa sababu najua kinachokusumbua.

Nakijua, Shihab. Mama alinieleza zamani, nilipoolewa. Siku wanamgambo walipokuja kupora mashua na baba akauawa pale pwani, wanaume waliobaki walikuwa wachache, na wewe mtoto wa miaka kumi ndiwe uliyemshika baba miguu wakati wa kumteremsha kaburini. Kisha tukapakiwa mashuani usiku ule ule, mimi nikiwa mgongoni mwako, na hujaikanyaga Chovai tena. Hujawahi kunieleza hata siku moja. Ukanilea kambini kama baba, ukanitafutia vitabu kwenye magunia, ukanisomea, ukanifanya nicheke. Mimi sikuwa na huzuni utotoni kwa sababu wewe uliibeba yote. Nakushukuru leo kwa maandishi kwa sababu mdomo wangu utashindwa.

Basi sikia, na ukae chini kwanza. Barua hii siiandiki Kismayo. Tuko Chovai. Shule zilipofungwa, Mzamil alitafuta mashua yenye injini nzuri, tukachukua dawa za mama za kutosha, tukaja, mimi, yeye, Iman na mama. Barua yako ilikuwa inanikataza na niliisoma vizuri, kwa hiyo usiseme haikufika. Nimekuasi. Lakini mwenye Chovai ni mama, si mimi wala wewe, naye hakuomba ruhusa ya yeyote.

Nyumba yetu haina paa. Kuta mbili za mawe zimesimama na mlango upo, bila ubao wake. Mzamil na vijana wa hapa wameezeka chumba kimoja kwa makuti na mama analala humo, anakoroma kuliko alivyokoroma Kismayo miaka yote. Kisima alikipata bila kuongozwa. Watu waliobaki si wengi, na wengine tunafahamiana kwa majina ya mababu tu, lakini siku ya kwanza tulipikiwa samaki katika nyumba tatu, na katika zote mama alikula ili asimvunje mtu moyo. Mimi nitarudi Kismayo shule zikifunguliwa. Mama hatarudi nami. Mama mdogo Mwanaasha, aliyetufuata kutoka Kismayo, atakaa naye, na Mzamil atakuwa akija mara kwa mara kwa biashara yake ya samaki na kumletea dawa. Najua unawaza hospitali. Hata mimi naiwaza. Nimemwambia mama yote hayo na amenisikiliza kwa adabu.

Liko jambo moja zaidi. Kaburi la baba lipo.

Mama alikuwa amejiandaa kutoliona. Njiani alikuwa akituambia kwamba mchanga utakuwa umeshalifunika na kwamba tutasoma Fatiha popote pale tukisimama. Tulipofika tulilikuta limepangwa mawe meupe pande zote, majani yameng'olewa, hata mti uliotaka kuota kichwani umekatwa. Ni Abubakar aliyekuwa akilitunza. Wewe utamkumbuka, alikuwa mshirika wa baba katika mashua moja, na sasa ni mzee wa meno mawili. Alirudi Chovai mapema kuliko wote, akalitafuta, na tangu hapo kila kabla ya Ramadhani hulisafisha. Alikuwa hajui kama kati yetu kuna aliye hai. Mama alimuuliza kwa nini alijisumbua hivyo, naye akashangaa swali lenyewe, akasema wangekuja wenyewe wakute majani?

Nililia mimi, nisiyemkumbuka baba hata sura. Mara ya kwanza maishani nilikuwa na mahali pa kumwamkia. Abubakar alikuulizia wewe kabla ya mtu mwingine. Alisema yule mvulana wa Bimdogo, ndivyo wanavyomwita mama huku, alishika miguu ya babake hakutetemeka, na kwamba amemkumbuka katika dua zake siku zote.

Kwa hiyo tikiti ile uliyotaka kumkatia mama, jikatie mwenyewe. Mama amenituma nikuandikie haya kwa maneno yake. Hakuiti uje kuishi, anajua kazi yako iko huko na wanao ni wa huko. Anataka uje usimame pale kaburini ukiwa mtu mzima, kwa sababu mara ya mwisho uliposimama ulikuwa mtoto, na yeye hakupata nafasi ya kukushika.

Mpe Zamzam salamu zangu na umwambie asikuache ukasirike zaidi ya siku mbili. Wanao wabusu wote kwa niaba ya shangazi yao. Mama, Mzamil, Iman, mama mdogo Mwanaasha na mzee Abubakar wanakusalimu sana. Mungu akuhifadhi, alitengeneze goti lako, na atukutanishe kwa heri.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Rawda
Chovai