Taa Ambayo Sijaiwasha

Kibirizi, Machi 1997

Kaka Harerimana,

Amahoro. Sabuni uliyonitumia kutoka kambini imefika. Samaki wa migebuka wamejaa, lakini akina mama wanawapaka chumvi, maana kiwanda ninachofanyia kazi hakitoi barafu tena. Ajabu ni kwamba mita inazunguka kutwa. Serikali hutulipia nusu ya umeme ili wavuvi wapate barafu, ila mimi nimeuona waya ukiruka ukuta hadi nyumba ya wageni ya bosi Edson.

Juzi bosi akaniuliza kibali changu cha kutoka kambini kinaisha lini. Jana nimekuta chumba changu kimewekewa taa ya umeme. Nani aliiomba?

Mkaguzi wa umeme anakuja Jumatatu, na mimi ndiye nitakayemwonyesha mita.

Nakuandikia kwa mwanga wa koroboi. Nitengee mahali pa kulala huko.

Dada yako,
Générose