Kisima cha Nane

Mdogo wangu Marlys,

Theluji imeyeyuka, matope mpaka magotini. Yule ng'ombe uliyempenda amezaa mapacha. Bakuli lako la pai bado liko kwangu.

Najua hukutegemea barua yangu. Mara ya mwisho tulibishana kwenye ukurasa wa Facebook wa kijiji chetu, mbele ya watu wote. Uliandika kwamba samadi ya ng'ombe wetu inatia sumu visimani. Nikakujibu, "Ushahidi uko wapi, mwalimu?" Ukaweka karatasi za maabara za visima saba, na tarehe zake. Sikusoma hata moja. Nikaandika, "Tangu ahamie mjini, dada yetu hawezi harufu ya mavi yaliyomsomesha." Watu wakacheka, nikajiona mshindi. Ulipokuja na chupa kupima kisima changu, nikakufungia mlango.

Binti yangu Jolene alijifungua Februari, mtoto wa kiume. Maziwa yake ya unga tulimkorogea kwa maji ya kisima chetu. Wiki ya tano midomo yake ikageuka buluu. Daktari hakuuliza alikula nini. Aliuliza tunachota maji wapi.

Tulimzika Jumanne.

Karatasi ya maabara iliyomo humu ni ya kisima changu. Nimepeleka chupa mwenyewe. Iweke pale pale, chini ya maneno yangu, sijayafuta. Wakikuuliza ushahidi uko wapi, waoneshe, na jina la mwenye kisima usilifiche.

Kaka yako,
Delmar