Lambo Limeisha

Jumatatu, 2 Septemba
Lambo la Mwankali limekamilika, ameandika diwani wao leo alfajiri kwenye blogu yake. Nimeisoma redioni saa moja asubuhi kama ilivyo. Sikupiga simu kijijini. Blogu siku hizi ndiyo ofisi ya diwani. Mkutano wa hadhara hajaitisha tangu mvua zikatike. Chai. Kisha mahakamani kuripoti kesi, imeahirishwa.

Jumanne, 3 Septemba
Amepiga Mzee Shija, mwenyekiti wa kamati ya lambo Mwankali. "Ng'wanawane, mwanangu, mbona mmetupa maji redioni? Sisi hatujayaona."
Jumamosi alimtumia diwani ujumbe wa sauti: lambo limeisha. Alimaanisha limekauka. Diwani akasikia kazi imeisha, maana ndiyo habari aliyokuwa akiingoja. Katapila lilikuwa kule tangu Julai likizoa tope. Likaharibika, likaburutwa kwenda mjini.
Neno moja. Mimi ni Msukuma kama wao, najua tunavyosema. Ningeuliza tu, limeisha vipi? Sikuuliza. Aibu.

Jumatano, 4 Septemba
Nimemfuata diwani dukani kwake, Somanda. Hakubisha. Akanionyesha simu, pongezi za wapiga kura chini ya habari ile.
"Hongera zote hizi, bwana mwandishi, nizirudishe kwa nani?"
Nikamwomba arekebishe mstari mmoja. Akasema katapila likirudi, maneno yatakuwa kweli yenyewe. Hakuna aliyepanga lirudi.

Ijumaa, 6 Septemba
Mwankali. Tope limepasuka vipande. Katikati dimbwi la kijani, ndama amezama hadi tumboni, wanaume wanamvuta kwa kamba. Ametoka hai. Hakusimama.
Mzee Shija ana ng'ombe kumi na mmoja. Lambo jingine lenye maji ni mwendo wa siku nzima. Waliokonda hawafiki. Mkewe aliniuliza redio inalipwa na nani. Nikamjibu. Hakuamini.

Jumatatu, 9 Septemba
Halmashauri. Mwankali imeondolewa kwenye orodha ya ukarabati wa dharura. Ofisa akafungua faili: blogu ya diwani, imechapwa kwenye karatasi. Nyuma yake maandishi ya taarifa yetu ya redio ya Jumatatu iliyopita, jina langu chini. Ya kwanza ni habari, akasema, ya pili ni uthibitisho.
Uthibitisho ni mimi. Miaka ishirini na mbili katika kazi hii.

Jumanne, 10 Septemba
Nimesoma masahihisho hewani, nikataja kosa kuwa langu. Nikapeleka nakala halmashauri. Wameipokea, wamepiga muhuri. Orodha imeshasainiwa. Kuibadilisha ni hadi baraza la madiwani, na diwani mwenyewe asimame aombe. Hapokei simu. Blogu yake leo ina picha akipanda mti.

Jumatano, 11 Septemba
Hakuna jipya. Blogu haijarekebishwa.

Alhamisi, 12 Septemba
Mzee Shija amepiga asubuhi. Ng'ombe wake wanne wamekufa. Alisikia masahihisho, akasema yalisomwa vizuri. Hakulaumu. Ningependa alaumu. Akauliza baraza ni lini, nikamwambia. Nikasikia kengele ya ng'ombe mmoja karibu na simu. Kisha akasema saba waliobaki atawaanzisha safari kesho, polepole, wafike mnadani wakiwa bado wanasimama.
Mnada ni Jumamosi, tarehe 14. Baraza ni Jumanne, tarehe 24, saa tatu asubuhi.