Kiti Chekundu cha Klabu

Nyumbani kwetu,
Nyuma ya karakana ya magari,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Habari za siku nyingi? Hujambo huko? Kile kikohozi kimeisha, au bado unajifanya daktari wa nafsi yako? Wifi yangu hajambo? Na watoto? Sisi tupo, tunasukuma siku. Mimi ni mzima wa kusimama tu. Uchovu umenikaa mwilini hivi kwamba nikilala naamka nimechoka zaidi.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu huwa unaniuliza, "Mama anaendeleaje?" nami najibu, "Anaendelea," kisha tunahamia habari za watoto. Leo nimeona niandike, maana karatasi hainikatizi.

Mama hajambo kidogo. Hapana, ngoja niseme kweli: Mama si mzima. Tangu kiharusi kimpige, upande wa kushoto haujarudi, na sasa hata kumeza uji ni kazi. Namgeuza, namwogesha, namlisha, halafu narudi kwenye cherehani, na sare za shule za watoto wa watu zimelala mezani hazina vifungo. Wateja wamenivumilia mpaka wamechoka na wao. Pesa unayotuma inafika, hapo sina neno, Mungu akuzidishie. Ila pesa haiwezi kumgeuza mtu kitandani, kwa hiyo namgeuza mimi.

Pamoja na yote hayo bado nipo kwenye ile klabu yetu ya kujitolea. Usinicheke. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakwenda kwa mzee anayeishi peke yake, au mgonjwa asiye na mtu. Tunadeki, tunafua mapazia, na fundi bomba wetu anaziba panapovuja huku akizungumza bila kituo. Mwenyekiti ni mimi, kwa sababu siku ya uchaguzi nilikuwa naumwa, na kwetu asiyekuwepo ndiye anayechaguliwa.

Kile kiti chekundu nadhani nilikusimulia. Kuna babu mmoja tulikwenda kwake, akaona haya kukaa bure wakati wageni wanafanya kazi. Akawa anatuchotea maji mpaka akashikwa na kizunguzungu, akaanguka. Toka siku hiyo nikaweka kanuni: klabu inatembea na kiti chake, hicho cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Tunakiweka mlangoni, mwenye nyumba anakaa, na haruhusiwi kuinuka wala kushika hata kijiko. Nimewakalisha wengi, wengine kwa vitisho. Bibi mmoja alininunia mchana kutwa.

Basi, mwezi uliopita nyumba tuliyoipanga ikashindikana, mwenyewe alikuwa kachukuliwa na wanawe. Nikafurahi kimoyomoyo, nikajua Jumamosi hiyo nimepona. Kumbe Sista, nesi mstaafu wa klabu, akasema nyumba nyingine ipo, tumfuate yeye tu. Nikamwachia binti wa jirani amwangalie Mama, nikabeba ndoo yangu, nikafuata. Tulipokata kona ya karakana nikadhani tunapita kuazima ngazi. Mara fundi bomba akakishusha kiti kutoka kichwani, akakiweka mlangoni kwetu.

Nikamwambia, "Hapa umepotea."

"Sijapotea, mwenyekiti," akasema. "Kaa."

Nilihamaki, mdogo wangu. Niliwafokea maneno ambayo sitayaandika hapa. Mimi ndiye ninayekwenda kwa watu, leo watu waje kwangu waone vile vyombo, zile shuka kwenye beseni, ile harufu? Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, nikasema haingii mtu. Sista alikuwa anakunja mikono ya gauni lake.

Ndipo Mama akasema kutoka ndani, kwa ule ulimi wake mzito wa siku hizi, "Waache waingie. Hata mimi nimekuchoka."

Wakacheka wote. Mimi nikakaa kwenye kiti, nikalia.

Kukaa pale ni adhabu, nakwambia. Unasikia vyombo vyako vinagongana na hujui nani anagonga nini. Unataka useme sufuria hiyo haikai huko, na kila ukiinua kiuno mtu anakukazia macho. Sasa namwelewa yule bibi aliyeninunia. Mapazia wameyatundika upande wa ndani umetokea nje, na chujio langu la chai mpaka leo sijaliona. Lakini nilimsikia Mama akimwuliza fundi bomba kama mkewe ana masikio ya chuma, kisha nikamsikia akicheka. Kicheko kile sikuwahi kukisikia tangu augue. Nikasinzia palepale, mdomo wazi, mbele ya wapita njia, na wenzangu wakaniacha nilale.

Nilipozinduka Sista alikuwa amenishika bega. Ni yeye aliyemwogesha Mama siku ile, akaona mgongo wake na miguu ilivyovimba. Alinivuta hadi ukutani, akaniambia bila kuzunguka, "Mama anatuaga. Mwite mdogo wako, asije akachelewa." Hata daktari alishanidokeza, nami nikabeba vidonge vya Mama nikarudi nyumbani kama sikusikia. Kwa Sista sikuweza.

Klabu ikagawana siku. Kila mmoja ana mchana wake wa kukaa na Mama ili mimi nishone. Mimi niliyezoea kuwapangia wenzangu, safari hii nilipangiwa, na nilikubali bila ubishi kwa sababu sikuwa na nguvu ya kubisha.

Halafu fundi bomba, mdomo wake unaujua sasa, akauliza, "Na yule mtoto wa kiume, tumpangie lini?" Nikakujibia haraka, kama ninavyokujibia siku zote: yuko mbali, ana kazi, likizo ni ngumu. Tulikuwa tumesimama miguuni pa kitanda, na Mama alikuwa anatusikia.

"Kiti kiacheni," akasema.

Tukadhani anataka kujaribu kukaa, tukakisogeza karibu. Akatikisa kichwa. "Cha mwanangu."

Basi kiti kipo ubavuni mwa kitanda, na hataki mtu akikalie. Juzi Sista alijisahau akakaa, Mama akamgonga kwa ule mkono mzima mpaka akainuka. Sasa Sista anamlisha akiwa amesimama, umri wote ule, huku akilalamikia magoti yake.

Sikulaumu. Au niseme nakulaumu kidogo, hasira zangu unazijua, leo zipo kesho hazipo. Nakuomba uje. Usingoje likizo. Waambie huko kazini mama yako anaondoka, si uongo, ingawa mkono wangu umekataa mara mbili kuliandika neno hilo. Usilete zawadi, wala usilete dawa mpya uliyosikia inaponya kila kitu. Njoo wewe mwenyewe, unyoe ndevu kwanza, unajua Mama hapendi ndevu.

Wifi yangu mpe salamu nyingi, mwambie blauzi yake nimeshaikata, imebaki mikono. Watoto wabusu mashavuni. Shangazi anakusalimu. Fundi bomba naye anakusalimu japo hakujui, anasema ana mengi ya kukusimulia, Mungu akunusuru. Na huyo Mungu akutangulie njiani, akufikishe ukiwa mzima, akufikishe mapema.

Jumamosi ijayo ni ya mwisho wa mwezi. Klabu inakwenda kwa mzee mmoja asiyeona, na wameniuliza mara tatu habari za kiti, maana kanuni ni yangu. Nimewaambia wabebe ndoo waifudikize, mzee akalie hiyo. Kile cha kwetu kina mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
ninayekupenda hata nikikufokea.