Samaki wa Nazi Aliyesifiwa Mwaka Mzima

Alhamisi, Riyadh. Vumbi limeziba madirisha tangu alfajiri, na mimi nimefura kwa hasira. Naandika kabla sijavunja sahani ya watu.

Leo nimeachishwa kazi kwa sababu ya samaki.

Kabla ya kuja hapa nilifanya kazi Jeddah miaka miwili, kwa madam Msaudi. Alikuwa mkali yule, sitamsafisha. Chumvi ikizidi, jirani atasikia: "Mafi mukh! Huna akili wewe!" Nililia chooni mara nyingi. Lakini kosa langu nililijua kabla sufuria haijapoa.

Hapa niko kwa Waingereza: mume, mke na watoto wawili. Nilipoletwa nilimshukuru Mungu. Madam Helen hajawahi kunipazia sauti. Ni tafadhali, asante, samahani, kutwa. Hata nikimkanyaga mimi, anayeomba samahani ni yeye.

Wiki ya kwanza niliwapikia samaki wa nazi, upishi wa mama yangu wa Malindi. Madam akaonja, akatabasamu. "Lovely! Ni tofauti kabisa." Kwetu mtu akikisifu chakula chako, unampikia tena. Basi nikampikia kila Alhamisi, mwaka mzima. Sahani ikirudi nusu, anasema ameshiba. Nikaamini. Nikamwongezea na pilipili, mjinga mimi.

Asubuhi nikaitwa kwenye ofisi iliyonileta, kule Sulimaniyah. Karani, Mkenya mwenzangu, akanisomea barua pepe ya madam. Familia inaomba mfanyakazi mwingine. Chakula ni kizito, watoto hawali, na eti wamenidokezea mara kadhaa.

"Walinidokezea lini?" nikamuuliza.

"Alikwambia ni tofauti?"

"Ndiyo."

"Basi hapo ndipo alipokwambia, dada. Hawa hawasemi mbaya. Ukisikia tofauti, ondoa hiyo sahani mezani."

"Na wewe uliijua tabia yao hii, ukaninyamazia?"

"Pole. Nilidhani unawajua."

Ikama yangu, kile kibali cha kuishi huku, inaisha mwezi ujao. Nisipopata kafili mwingine, mwajiri wa kunidhamini, kabla ya hapo, halas, narudi nyumbani mikono mitupu, na binti yangu ndiyo kwanza ameingia kidato cha kwanza.

Niliporudi nikakuta bahasha juu ya meza ya jikoni, ina jina langu. Ni barua ya kunisifu kwa waajiri wengine. Mwaminifu, mchangamfu, mpishi hodari.

Mpishi hodari!

Nikamfuata sebuleni nayo mkononi. "Madam, haya uliyoandika ni kweli?"

"Kweli kabisa," akasema, uso umemwiva.

"Basi kwa nini naondoka?"

Akaangalia zulia. Akaangalia dirisha. Kisha akaniuliza kama ningependa kikombe cha chai.

"Hapana, madam. Sitaki."

Alishtuka. Hata mimi nilishtuka. Nimeketi chumbani sasa nafikiri, na nikisema ukweli wangu wote, hiyo ndiyo sitaki yangu ya kwanza katika nyumba hii. Siku yangu ya mapumziko ilipoliwa kwa kuachiwa watoto, nilisema sawa, madam. Kiyoyozi cha chumba changu kilipokufa, nilisema hakuna shida, madam, nimezoea joto. Usiku najigeuza kitandani nalaani, asubuhi natabasamu.

Hasira haijaniisha, na sitaki iishe leo. Angeniambia neno moja tu wiki ya kwanza, ningempikia viazi vyake na leo ningekuwa na kazi. Lakini na mimi nilimficha mangapi?

Barua nitaitumia, nina mtoto. Ila kafili yeyote atakayenichukua, siku ya kwanza nitamtajia siku yangu ya mapumziko. Na sahani ya kwanza nikimwekea mezani, sitakimbilia jikoni. Nitasimama hapo hapo nimuulize: umekipenda, au unanionea haya?