Nimeupa Wali Talaka, Anayekonda ni Mke Wangu

Bibi Wening, mshauri wetu wa kila Ijumaa, shikamoo. Naomba uniokoe kabla Jumatatu haijafika, na ukitaka kucheka, cheka kwanza umalize, maana hata mimi nikijitazama kwenye kioo nacheka halafu naona aibu. Mimi ni fundi wa vyerehani sokoni hapa Klaten, tumbo limenitangulia, na marehemu baba yangu alikufa kipofu kwa sababu ya sukari, kwa hiyo nesi wa zahanati aliponiambia yangu imeanza kupanda, nipunguze wanga, niliogopa sana, nikarudi nyumbani nikatangaza mbele ya mke wangu, mama mkwe na jirani aliyekuja kuazima ungo, kwamba mimi na wali basi, nimeupa talaka tatu.

Sasa mshauri, wewe ni mtu wa hapa, unajua kwetu asiyekula wali hajala, hata ameze nini. Asubuhi nakunywa chai tamu na bajia, sijala. Baadaye napata tambi za mchuzi, sijala. Mchana muhogo wa kukaanga, na moyo ukiwa mzito napitia lontong kwa Mama Darmi. Najua lontong ni wali uliobanwa ndani ya jani la mgomba, lakini ukishakatwa vipande na kumwagiwa mchuzi wa nazi haufanani kabisa na ule niliouacha. Jioni mke wangu, Mama Ratri, ananiuliza, "Umeshakula?" nami najibu kwa sauti ya mtu anayejinyima, "Bado," na wala dhamiri hainisuti.

Naye akanihurumia. Akasema hawezi kula wali mbele ya mume anayeteseka, akaacha, lakini yeye aliacha kweli: si tambi, si muhogo, si sukari kwenye chai, ni mboga na tempe ya soya tu, na kazi yake ni kupandikiza mpunga kwenye mashamba ya watu, kuinama matopeni kutwa nzima. Juma lililopita akaanguka shambani. Wenzake wakamleta na tope mpaka kwenye nyusi, na mmoja akanipasulia hadharani, "Mume kama pipa, mke anaanguka kwa njaa! Hiyo ndoa au mzani?"

Nikampeleka zahanati, nesi akampima, akasema ni njaa na uchovu. Akanipima na mimi, sukari imepanda kuliko mwanzo. Akanikazia macho. "Baba, unakula nini wewe?" Kabla sijafumbua mdomo, mke wangu akajiinua kitandani kwa viwiko. "Huyu hali kitu, nesi! Mimi ndiye ninayeishi naye. Mashine yenu mbovu hiyo!" Nami, mshauri, nikaitazama ile mashine kwa masikitiko ya kifundi, nikatikisa kichwa.

Sasa ameamua kuanzia Jumatatu hii atafunga kila Jumatatu na Alhamisi, aniombee sukari ishuke. Nikimwambia ukweli atanidharau, nisipomwambia ataanguka tena, na safari hii sijui kama atainuka. Nifanyeje?

Mtoro wa Wali, Klaten

*

Mtoro wa Wali, nimecheka kama ulivyoniruhusu, na nimemaliza. Sasa kaa chini.

Hofu yako naielewa. Aliyemwona baba yake akipapasa ukuta kutafuta mlango hawezi kulisikia neno sukari akatulia. Lakini wewe hukuacha wanga, umeuhamisha nyumba tu. Tumbo halijui desturi za Klaten: tambi, muhogo, bajia, lontong na sukari ya chai, vikifika huko vyote ni ukoo mmoja. Tena nesi alisema upunguze, nani alikutuma kutoa talaka? Wanga si adui, ndio unaompa mkeo nguvu ya kuinama na kuinuka. Tatizo ni mtu kula kutwa kisha akajihesabu ana njaa.

Mama Ratri hana sukari, ana kazi nzito. Arudishiwe wali wake leo, wa kumshibisha. Wewe wali wako uwe kiasi cha ngumi, na nimesema ngumi, si kofia. Nusu ya sahani iwe mboga, na tempe au samaki pembeni. Siku ukitaka muhogo au tambi, vikae mahali pa wali, visipande juu yake. Chai inywe chungu mpaka uizoee. Sokoni nenda kwa miguu, ila upite njia isiyo na Mama Darmi. Halafu urudi kwa yule nesi umwambie mashine yake ni nzima, akupangie yaliyobaki, maana mimi si daktari.

Unaogopa dharau? Atakasirika, na ana haki, huenda ukalala na vyerehani vyako kwa siku kadhaa. Hutakufa. Lakini mwanamke asiye na nguvu ya kusimama, akapata nguvu ya kugombana na mashine kwa ajili yako, huwezi kumwacha afunge kwa sababu ya lontong. Ningekuwa karibu ningekufinya.

Leo jioni teleka wali wewe mwenyewe, umpakulie yeye kwanza. Kisha ngoja akuulize swali lake la kila siku, umwangalie usoni, umjibu: "Nimekula, Mama Ratri. Nimekula tangu asubuhi. Ambaye hajala ni wewe."